Muhuri Ulipopita Mulago

Jumatatu, 1 Machi 1971

Leo tena! Saa mbili kamili Baba Mkubwa yuko barazani, kanzu imepigwa pasi, koti jeusi juu yake, muhuri wa udiwani mezani. Anangoja watu. Watu gani? Jeshi limeshika nchi, redio ilishasema mabaraza yote yamevunjwa, madiwani waende nyumbani. Yeye nyumbani yupo tayari, kwa hiyo anaona amri ameshaitii!

Miaka minane Bukoto nzima ilikuwa inakaa kwenye benchi letu kuomba barua. Barua ya kazi, ya shule, ya kumtoa mtu polisi. Leo alikuja kuku mmoja.

Mama Faridah, mke wake, kanipa kazi. Ati, Bashir, shule imekushinda, basi mshughulishe baba yako asife kwa mawazo. Shule haikunishinda. Darasa la saba nimelisoma mara mbili – nani mwingine mtaani kalisoma mara mbili?

Jumatano, 3 Machi

Nimemtafutia kazi! Kwa akili yangu mwenyewe. Hajji Abdulghani anataka mtu mwaminifu wa kukaa dukani kwake, kupima sukari. Nikamwambia Baba Mkubwa wakati wa chakula. Alinitazama kama nimemtukana mama yake. Diwani hapimi sukari! Nikasema, diwani wa zamani. Mama Faridah akanikanyaga chini ya meza.

Hakula. Matoke yake nikayala mimi, mtu asije akasema simsaidii.

Jumatatu, 8 Machi

Barua imetoka ofisi ya mji. Juu imeandikwa "Bwana", si "Mheshimiwa". Neno hilo moja kalisoma nusu saa. Chini wanasema muhuri urudishwe, mwisho tarehe kumi na tano, la sivyo askari watakuja kuuchukua.

Niupeleke leo? Hapana! Kesho? Hapana! Anaufuta kwa kitambaa kama jino la dhahabu. Nimechoka mimi. Nikimwita Mheshimiwa anaitika haraka. Nikimwita Baba, kimya.

Ijumaa, 12 Machi

Msikitini mtu mwingine kakaa mahali pake, safu ya mbele. Hakuna aliyempisha. Kasali nyuma, karibu na viatu.

Njiani nilitaka kumtania. Nikambebea mkeka wake wa kusalia.

Jumapili, 14 Machi

Hatimaye mtu kwenye benchi! Lakot, yule mama wa Kiacholi anayeuza karanga pale kwenye maghorofa. Ndugu yake Odoch, polisi, amefia hospitali ya Mulago. Ati homa. Anataka akamzike kwao Gulu, lakini barabara imejaa vizuizi, na askari wanataka barua ya mkubwa wa mtaa. Siku hizi jina la Kiacholi peke yake linatosha kukushusha garini.

Nikakimbia kuleta wino. Nilifurahi – marehemu anisamehe.

Baba Mkubwa hata kalamu hakugusa. "Mama, mimi si diwani tena. Karatasi yangu itakuponza."

Lakot akasema, asante, Mheshimiwa. Akaondoka.

Banange! Wiki mbili nzima diwani wa kuku, siku mtu amekuja ndiyo anajiuzulu! Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliuweka muhuri ndani ya bahasha, akanipa. Kesho upeleke, usipitie mahali.

Jumatatu, 15 Machi

Njia ya mjini inapita Mulago. Si mimi niliyeichonga.

Lakot alikuwa amekaa chini nje ya chumba cha maiti. Pikapu ya kukodi ilikuwepo, dereva anapiga honi, anasema bila barua yeye haendi. Basi. Karatasi ninayo, kalamu ninayo, na mwandiko wangu Bukoto hauna mpinzani. Nikaiegemeza karatasi ukutani, nikaandika. Nikagonga muhuri. Nikatia saini ya Baba Mkubwa.

Saini yake kwa kweli ni mbovu, kama mende aliyekanyagwa. Nikaiboresha: mkia mrefu wa jogoo, nukta mbili chini. Sasa ndiyo saini ya mheshimiwa! Lakot alinipigia magoti. Mimi!

Kisha ofisini. Karani kautupa muhuri kwenye sanduku lenye mihuri mingine kama viazi. Hakuniangalia hata usoni.

Alhamisi, 18 Machi

Odoch amezikwa. Nimekutana na dereva. Vizuizi vitano barua ilipita. Cha sita gari lilipita, barua wakabaki nayo.

Kwa nini? Dereva kasema: "Bwana mdogo, ungekuwa wewe ungeuliza?"

Nataka sana kujisifu kwa mtu. Hakuna mtu.

Jumamosi, 20 Machi

Baba Mkubwa kaenda kwa Hajji! Mwenyewe, bila kusukumwa. Kapima sukari mpaka adhuhuri. Karudi, kala, kaomba aongezewe. Nilisema mimi!

Jumatatu, 22 Machi

Saa nne sajini mmoja wa kambi ya jeshi ya Makindye kaingia na barua yangu mkononi. Nimeijua kabla hajaikunjua. Nani kaandika hii, wakati madiwani hakuna?

Baba Mkubwa kavaa miwani. Kautazama mkia wa jogoo muda mrefu. Mimi kanitazama muda mfupi.

"Ni yangu, afande."

Sajini kacheka. Saini za mzee ziko ofisini, kaziona, hazina mkia. Saa nane atarudi na mkubwa wake, na mzee atasaini mbele yao mara tatu. Zikifanana na hii, mzee atakwenda kujieleza. Zisipofanana, watamchukua aliyeandika. "Na huyo hatajieleza kitu."

Alipoondoka nikasema nitawaambia ni mimi.

"Nyamaza! Mwezi mzima unanitafutia kazi. Kaa hapa unifundishe."

Basi tumekaa. Anasaini, mimi naandika humu mikono itulie. Kila karatasi anayoharibu Mama Faridah anaichoma kwenye sigiri. Daftari hili nalo analitolea macho.

Karatasi ya kumi na moja. Mkia unakatika katikati. Ananigombeza: saini gani hii? Nukta mbili za nini? Nikasema za urembo, Mheshimiwa.

"Niite Baba."

Anza juu, Baba. Usinyanyue kalamu mpaka mwisho.

Ya kumi na nne – karibu! Ya kumi na tano –

Gari. Saa nane haijafika! Mama Faridah ameninyooshea mkono, anataka daftari. Baba hajainua kichwa. Anauliza ile nukta ya kwanza inakaa wapi