Mapigo Niliyoandika kwenye Kadi

Jumanne, 4 Machi

Kliniki ya wajawazito. Kumi na tisa, na mimi peke yangu zahanati nzima. Mashine ya kusikilizia mtoto imeisha betri. Nikatumia pembe ya mti aliyoniachia marehemu Mama Koku, mkunga aliyenifundisha kazi. Miguu yangu imevimba kuliko ya wajawazito wenyewe.

Wa mwisho Adventina. Mimba ya kwanza, miezi minane. Kapanda kilima kwa miguu, anahema. Anasema mtoto hachezi tangu Jumapili. Nikaweka pembe, nikaweka sikio. Mapigo 124. Mazuri. Nikamwambia yupo, amelala tu. Akacheka, akalia. Nikaandika kwenye kadi, nikafunga.

Jumatano, 5 Machi

Nikiwa kwenye foleni ya kupakwa majivu nikamkumbuka Mama Koku. Sikio kwa mtoto, vidole kwenye mkono wa mama, kila mara. Mapigo ya pembe na ya mkono yakienda pamoja, unamsikia mama, si mtoto.

Jana sikushika mkono. Nilikuwa nimechoka. Mjinga mimi.

Sikusubiri misa iishe. Nikachukua pembe, nikaenda kwao, juu ya Nshamba. Saa sita mchana, lakini ndani ya kibanja giza, migomba imefunika njia. Nikamkuta analiimbia tumbo. Nikasikiliza, vidole kwenye mkono wake. Yakaenda pamoja. Nikahamisha pembe kushoto, kulia, chini. Pamoja. Nikasema tu, twende hospitali Bukoba wakakuangalie. Mama mkwe wake akamfungashia kanga.

Ijumaa, 7 Machi

Bukoba wamepiga simu. Amejifungua wa kike. Ngozi ilishaanza kuchubuka. Daktari anasema alikufa siku kadhaa nyuma, kabla mama hajaja kwangu.

Kwa hiyo Jumanne nilimsikiliza marehemu, nikamwandikia mapigo.

Tangu jana naisikia ile sauti ya mapigo. Nikiosha vyombo, nikila. Nikizima redio inazidi. Naogopa kulaza sikio kwenye mto.

Jumapili, 9 Machi

Walimzika jana, kibanjani. Nilienda. Majirani wanasema wa Bukoba ndio walimuua. Mama mkwe akasema, "Alitoka hapa mzima, jamani, waitu. Sista alimsikia kwa masikio yake." Wote wakanitazama. Nikanyamaza. Naona aibu hata kuandika. Na chakula chao nikala.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki. Adventina kwenye foleni, kadi mkononi, tumbo limeshuka. Wenzake wamesogea mbali naye, benchi lote upande ule ni lake. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, na mimi pia. Zamu yake ilipofika akapanda kitandani, akafunua tumbo.

"Nisikilizie, sista. Bado anacheza."

Nikaweka pembe. Nikashika mkono. Yalikuwepo. Ya haraka, safi, yaleyale ya wiki iliyopita. Mwili ulinisisimka. Nikachukua vidole vyake, nikavibandika pale nilipokuwa nimeshika. Nikamwambia, ni wewe huyo. Na siku ile pia ulikuwa wewe. Bukoba hawakukosea. Nilikosea mimi.

Hakulia. Akakaa amejishika mkono muda mrefu, midomo inahesabu. Kisha akafungua kadi, akaweka kidole kwenye 124.

Nikaikata kwa kalamu, nikaandika tarehe ya leo pembeni, nikaweka sahihi yangu.