Fatiha ya Muuguzi wa Televisheni

Mjukuu wangu Zuwena,

Tunakusalimu kutoka Bwiza, sote wazima. Dada yangu, bibi yako mzaa mama, hachoki kunicheka kwamba naitwa bibi kabla sijapata mvi.

Unaogopa kuja Idi. Umeuliza kama tutakutambua, maana huko ugenini umebadilika lugha, nguo, hata kicheko.

Utotoni tulitazama tamthilia za Kimarekani zilizotiwa sauti za Kifaransa. Siku moja muuguzi tuliyempenda akafa. Mama alilia, akamsomea Fatiha. Baadaye, katika tamthilia nyingine, akatokea jaji mkali.

"Huyu si ule mama tulimulilia?" mama akashtuka.

"Apana, mama, ni muzungu mwingine," dada akamtania.

"We nyamaza, mi namujua! Angalia, anagusa sikio mbele ya kusema."

Ilikuwa kweli. Miaka mingi mama alimtambua hivyo, hata alipoigiza mwizi, mtawa, mama mkwe, mpaka mwigizaji yule alipozeeka. Kila mara alimpokea kwa furaha: "Kumbe uko muzima!"

Zuwena, wewe ukiwa na neno zito hukunja kwanza pindo la nguo yako. Njoo na lugha yoyote. Mimi nitatazama mikono.

Bibi yako mdogo,
Mariamu