Maoni Yangu Yanasubiri Kuidhinishwa

Ndola, Zambia

Mdogo wangu Atupele,

Salamu nakupa, maana mama alitufunza kwamba hata mwenye kinyongo hupiga hodi kwanza. Mimi ni mzima wa mwili. Miguu ya mama inaendeleaje na mvua za huko Ihanda? Mahindi mmeshapalilia? Nijibu hayo ukipenda, ila usinijibu hayo tu.

Simu zangu hupokei tangu mwezi uliopita, ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa lori anayerudi Tunduma. Ndiye huyo huyo aliyenipa habari. Alikuja kushusha mchele wa Kamsamba hapa kibandani kwangu sokoni, akaniambia, "Mama, hongera ya harusi! Binti yenu alipendeza kwelikweli." Nikamuuliza, "Harusi ya nani?" Akacheka akidhani namtania, kisha akanifungulia blogu ya mumeo kwenye simu yake.

Mimi blogu nilikuwa naisikia tu. Ikabidi nimwendee Chanda, dada mwenye duka la simu jirani yangu, anifundishe. Na wewe nakufundisha, kwa sababu nahisi shemeji anakusomea yale tu anayotaka uyasikie. Blogu ni daftari lililoachwa wazi mezani, kila apitaye anasoma. Ila linaanzia mwisho: habari mpya inakaa juu, za zamani zinasukumwa chini. Kila habari ina tarehe yake na jina la aliyeiandika, na chini yake kuna kisanduku ambamo msomaji anaweka maoni.

Kwa hiyo mimi nilianza na keki. Tusekile yuko na shela, analishwa keki na mwanamume nisiyemjua hata kwa jina. Nikashuka, nikakuta sendofu. Nikashuka, mahari. Nikashuka tena, posa. Tarehe ya posa naikumbuka vizuri, Atupele, kwa sababu siku hiyo tulizungumza kwenye simu ukaniambia hakuna jipya huko zaidi ya mvua. Harusi ya mwanangu nimeisoma kinyumenyume, na kila nilipozidi kushuka nilikuta siku nyingine ambayo ungeweza kuniambia.

Kwenye habari ya mahari ndiko iliko picha yako. Wakwe wanakufunga kitenge kiunoni, na shemeji ameandika chini yake: "Mama mzazi akipokea mkaja wake." Mama mzazi! Mkaja unajua ni wa nini. Ni wa kiuno kilichofungwa baada ya uzazi. Cha kwako kilifungwa lini? Najua swali hilo linakuchoma pabaya. Nimelikata mara mbili na nimeliandika tena.

Utaniambia kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ni kweli, umelea. Nilikuwa mjane wa miezi minne, sina shamba wala pa kushika, na pale mpakani Tunduma nilikukabidhi mtoto nikasema, "Ni wako." Nilisema, sikatai. Lakini na wewe ulisema, "Akipata akili tutamwambia wote wawili, dada." Leo amesoma, anafundisha watoto wa wenzake, ameolewa, na bado hajapata akili? Msimu wa kahawa uliopita nilipokuja alinipigia magoti na sahani ya ugali, akasema, "Karibu, mama mkubwa." Nikakutazama. Wewe ukainuka kwenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Picha ningeivumilia. Kilichonivunja ni maoni aliyoandika Tusekile mwenyewe chini yake: "Asante mama kwa kunizaa." Nililia mbele ya wateja.

Nami nikaandika yangu. "Hongera mwanangu. Aliyekuzaa anakupenda." Nikabonyeza, pakatokea maandishi kwamba maoni yangu yanasubiri kuidhinishwa. Chanda akanieleza kuwa mwenye blogu ndiye bawabu, asipofungua mlango hakuna atakayeyaona. Hii ni wiki ya tano. Kila asubuhi kabla sijapima mchele nafungua kuangalia. Pembeni kuna kihesabio cha wasomaji, na juzi nimeona shemeji anajisifu kwamba siku hizi anasomwa mpaka Zambia. Mwambie hiyo Zambia ni mimi.

Hapa sokoni wananiita bamayo, yaani mama. Makuli, wateja, hata walevi, wote ni bamayo, bamayo. Yule mmoja niliyemzaa ndiye hajui.

Sasa nisikilize. Chanda amenifungulia blogu yangu mwenyewe. Ni bure, na haina bawabu. Nimeandika habari moja tu, nikaweka picha ya Tusekile akiwa mgongoni kwangu na kadi yake ya kliniki yenye jina langu. Iko kwenye rasimu, yaani imehifadhiwa na hakuna anayeiona ila mimi. Imebaki kubonyeza "Chapisha". Nimepeleka kidole mara nyingi, nikakirudisha. Sikirudishi kwa kukuogopa wewe wala mumeo. Najua inavyouma kukuta habari ya damu yako kwenye kioo cha simu, umesimama sokoni na watu wanakupita. Mimi imenipata, yeye simtakii.

Mwambie wewe, kwa mdomo wako, mkiwa mmekaa chini. Mama awepo, maana anajua yote na amenyamaza kwa kukuonea huruma. Mkaja baki nao, sidai kitambaa. Na usinililie kwamba hujui pa kuanzia, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Nakupa mpaka kahawa ianze kuiva. Baada ya hapo kidole changu sikiamini.

Msalimie sana mama, mwambie dawa ya miguu nimempa huyo dereva. Msalimie kaka yetu na mkewe, na jirani aliyenikopesha shuka siku naondoka. Shemeji mwambie nimemsoma.

Tusekile usimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe, siku atakayojua zinatoka kwa nani.

Dada yako,
Sabina