Mtamba Aliyegeuka Skrini ya Rangi

Mkuyuni, Mwanza
Jumapili ya pili baada ya Pasaka

Dada yangu mpendwa Felisiana,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima ile aliyotufundisha Mama, na kabla ya lolote naomba unisamehe kwa ukimya huu mrefu. Goti lako linaendeleaje? Mwalimu mmoja aliyepita hapa akitokea Majita aliniambia kwamba sasa unafika ziwani bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Aliniambia pia kwamba mihogo imeingiwa na ugonjwa, na kwamba magugu maji yamefunga ufuko wenu hata mitumbwi inasukumwa kwa miti. Huku nako ni yale yale. Upepo ukivuma usiku, asubuhi ghuba yote huwa kijani kama jaruba la mpunga. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na sababu ya mgongo huo utaiona huko mbele.

Nakuandikia kwa kuwa una haki ya kujua yaliyompata mtamba wako. Ulipomuuza na kunitumia thamani yake ili niitengeneze kompyuta yangu, uliambatanisha maneno machache: “Ikishindikana, rudi nyumbani.” Nimeishi na maneno hayo tangu siku ile. Si kwamba nyumbani ni pabaya, la hasha. Ila mzee anayerudi na sanduku la nguo na mikono mitupu huwa mgeni katika uwanja aliozaliwa, nami nisingependa kuwa mgeni wako.

Wakumbuka kwamba chama cha ushirika kilipotupunguza kazini sisi makarani, niliinunua mashine hii katika mnada wa vifaa vya ofisi ile ile niliyoitumikia. Ilikuwa kuukuu hata siku hiyo, skrini yake nyeusi na nyeupe, lakini ndiyo iliyonilisha tangu marehemu mke wangu aliponitoka. Barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, mikataba ya wenye mitumbwi ya sangara, matangazo ya parokia, yote yalipita mikononi mwangu.

Kisha akaja Anatoli. Niwie radhi, Dada, kwa kulitaja jina hili. Ni Msukuma wa Kisesa. Tulikalia dawati moja misheni, na alikuwa kijana wa parokia hii enzi zile kanisa linajengwa. Alifungua chumba chake cha kuchapa ng’ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wangu, akaweka dirishani kompyuta yenye skrini ya rangi. Asipoigusa kwa muda, samaki wa buluu na manjano huogelea ndani yake. Katika mji huu, ambamo samaki wamejaa hata mbwa wanawasusa, watu walisimama barabarani kuwatazama samaki wasiolika. Wateja wangu walikuja na karatasi zao kwapani, wakaniamkia kwa adabu, wakavuka. Nilikuwa naijua migongo yao yote.

Kila asubuhi Anatoli alinisalimu kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. “Bwana Masatu, hiyo maiti yako imefufuka leo?” Nilimjibu kwamba tumeamka salama, ahsante, kisha nikaingia ndani.

Labda huijui desturi moja ya wenyeji wa huku. Katika ngoma zao, kama zile za Bujora, vikundi viwili hasimu hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna mwamuzi. Watazamaji wenyewe huhama kutoka huku kwenda kule, na mwenye kubakiwa na watu ndiye mshindi. Kwa sababu hiyo wachezaji huja na kila kivutacho macho, hata nyoka na fisi. Mimi Mjita niliyelelewa na mapadre niliitazama desturi hiyo kwa mbali. Lakini nikisimama mlangoni kwangu, Dada, nilijikuta nimo uwanjani, tena nikicheza peke yangu.

Ndipo Paroko akatangaza kwamba kwa ajili ya jubilei ya parokia kitatolewa kijitabu chenye historia, nyimbo, na majina ya waliobeba mawe ya kanisa la kwanza, akiwemo marehemu mke wangu. Alituita sisi wawili, akasema kwa upole kwamba hapendi kupendelea. Kila mmoja akiandae. Atakayeleta kijitabu kizima kabla ya Jumapili ya Matawi ndiye atakayekichapa, na kazi zote za parokia zitakuwa zake. Tukichelewa wote, kitakwenda kwenye kiwanda cha uchapaji cha mjini. Nilirudi nikijua mambo mawili. Bila kazi za parokia nisingeweza kulipa pango la chumba hiki, na ingenibidi nirudi kwako. La pili, nakiri ndilo lililoninyima usingizi: sikutaka jina la mke wangu lichapwe na vidole vya Anatoli.

Nilimwita fundi wa mashine, Mama Leokadia, mama wa makamo mwenye ulimi mkali na mikono mitulivu. Alifungua boksi la kompyuta, akapuliza vumbi, akasema fedha niliyo nayo yatosha kitu kimoja, nacho ni memori. Kikisalia chochote, ninunue diski kuu iliyotumika, ile inayohifadhi kazi. Skrini iwe ya mwisho kabisa. Nikueleze kwa mfano wa kwetu. Diski kuu ni ghala la makopa. Memori ni ule mwamba tunaoanikia mihogo. Ukiwa mdogo, waanika kidogo kidogo, hata uwe na shamba kubwa namna gani. Skrini ni mpita njia anayetazama tu.

“Mzee, skrini haifikiri,” aliniambia. “Kazi yako ni kufikiri au kutazamwa?”

Nilimjibu kwamba kazi yangu ni kufikiri. Nikafunga safari kwenda mjini nikiwa na nia hiyo hiyo, naapa.

Katika duka la vifaa vya umeme, muuzaji alinitolea memori. Ilikuwa kitu kidogo kama kitana, ndani ya kijaluba cha nailoni, cha kuingia katika mfuko wa shati. Niliigeuza huku na huku. Nikamkumbuka mtamba wako, pembe zake, kwato zake, jinsi ulivyomlea tangu ndama. Yeye mzima aishie katika mfuko wa shati? Na nani atakayevuka barabara kuja kutazama kitana? Juu ya rafu nyuma ya muuzaji kulikuwa na skrini ya rangi, pana kuliko ya Anatoli, nzito kama kitu kilichostahili kutolewa ng’ombe. Dada, nisamehe. Niliinunua.

Watu walivuka. Siku niliyoiwasha nikiwa nimeigeuzia dirishani, migongo ile yote ikageuka kuwa nyuso. Anatoli alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, akitazama barabara tupu. Mungu anirehemu, sikumbuki furaha ya namna ile tangu harusi yangu.

Mama mmoja wa Kiseke, aliyekuwa akimwoza binti yake, alichagua kwenye skrini kadi yenye maua mekundu, akaisifu, akaketi kuisubiri. Nami katika furaha yangu nilikuwa nimesahau kwamba printa yangu inatumia utepe, na utepe ni mweusi. Karatasi ikatoka. Aliishika mbali na macho, kisha karibu.

“Baba, mbona maua yamenyauka njiani?”

Waliokuwa dirishani wakacheka hadi wakashikana mabega, habari ikavuka barabara kabla ya mama huyo, na sauti ya Anatoli ikaja: “Yamwagilie maji, Masatu.”

Hayo ningeyavumilia. Lakini kijitabu kilikataa. Kurasa za mwanzo zilikwenda vema, ila kadiri kilivyonenepa ndivyo mashine ilivyochoka. Niliandika mstari, nikaweza kusali Baba Yetu kabla herufi hazijatokea. Nilipofika kwenye nyimbo za Kwaresima ilisimama kabisa, ikaniandikia kwa Kiingereza, kwa rangi nzuri sana, kwamba memori haitoshi. Nilimwita Mama Leokadia. Alitazama skrini mpya, akanitazama mimi, akaomba chai. Alipomaliza kuinywa alisema, “Imependeza,” akaondoka.

Jumapili ya Matawi ikiwa imekaribia, umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu ya kupasua taa. Moshi ulitoka dirishani kwa Anatoli. Samaki wake wakafa wote. Nilitoka kumpa pole, na maneno ya pole yalikuwa matamu kinywani mwangu kuliko inavyofaa. Muda si mrefu alivuka barabara, kwa mara ya kwanza tangu afungue, kofia mkononi.

“Kijitabu changu kimekwisha, Masatu. Kimo ndani ya boksi. Sikioni. Niazime skrini yako.”

Nilimwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba inatumika.

Alitazama yale maneno ya Kiingereza yaliyoganda pale. “Inatumika kufanya nini?”

Nilikuwa nikiwaza, na naona haya kukuandikia, kwamba ni heri kijitabu kiende kiwandani, tukose wote, hata kama nitafungasha na kurudi Majita wiki ile ile. Angalau asipate yeye. Alielekea mlangoni, kisha akageuka.

“Mkeo nimemwandika,” alisema. “Nilitaka uje usome kama nimemwandika sawasawa.”

Dada, neno hilo ndilo lililonishinda. Kwamba jina la Yuliana wangu limo gizani ndani ya boksi la mtu huyu, na yeye peke yake ndiye ajuaye lilivyoandikwa. Nilichomoa waya. Nilijaribu kumwambia alete boksi lake kwangu, naye akasisitiza skrini iende kwake, tukabishana kwa adabu za misheni hadi Mama Leokadia, aliyekuwa akipita, akatukatiza.

“Kisichofikiri ndicho kihame.”

Sikukubali mtu mwingine aibebe. Niliikumbatia mwenyewe, nikavuka barabara, na wote waliokuwa dirishani kwangu wakanifuata nyuma hadi ng’ambo. Kwa sheria za wenyeji, hapo nilikuwa nimeshindwa, tena nikiwa nimewapeleka watazamaji kwa miguu yangu mwenyewe.

Ilipowaka, Anatoli aliufungua ukurasa ule. Alikuwa ameandika: “Yuliana, mke wa Pius Masatu. Alibeba mawe kutoka mlimani akiwa mjamzito, na akikatazwa alikuwa akiimba kwa sauti zaidi.” Nilikuwa nimesahau, Dada. Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimesahau. Katika kijitabu changu nilikuwa nimeandika jina tu. Mtu yule alikuwa amemkumbuka mke wangu vizuri kuliko mimi, na sijui kama nitaweza kumsamehe kwa hilo. Nilimwambia hakuna kosa lolote katika maandishi yake.

Paroko alikipokea kijitabu kama kazi ya wote wawili, na kazi za parokia tunagawana. Nyuma ya jalada yamechapwa majina yetu kwa mpangilio wa alfabeti, na Anatoli hutangulia Pius, jambo ambalo Paroko asema halina maana yoyote. Pango nimelilipa. Kwa hiyo, Dada, sirudi bado, na nakuomba radhi kwamba mtamba wako hakununua nilichotumwa kununua. Mapato yakiruhusu, memori nitainunua.

Mchana tunafanya kazi kwake, boksi lake na skrini yangu. Jioni nachomoa waya, naikumbatia skrini na kuirudisha kwangu, ingawa kwangu haina la kufanya. Siwezi kuiacha ilale kwake. Mama Leokadia hunitangazia mtaani: “Mpisheni mzee na mwali wake.” Huo ndio mgongo niliokutajia. Jana kulikuwa na manyunyu. Nilipotoka kunawa mikono nikamkuta Anatoli ameshachomoa waya na kuifunika skrini kwa koti lake, naye amesimama na shati tu. Nilimwambia ashike upande mmoja. Tulivuka taratibu, bega kwa bega, na njia nzima nilikuwa nikilitazama lile koti. Ni koti zuri, Dada. Zuri kuliko langu.

Umsalimie shemeji yangu Kaloli, mwangalizi wa mitumbwi, umwambie kikohozi chake namwombea. Binamu yetu Nyanjura mpiga kengele wa kigango, na Mama Mkwe wa mwanao, ambaye bado nina deni la kumtembelea, wote wapate salamu zangu kwa heshima.

Mimi mdogo wako mtiifu, ambaye hakuwa mtiifu dukani,

Pius Masatu