Kikombe cha Mkurugenzi

Taghrid, uko wapi?? Sijui nicheke au nilie.

Leo ndiyo siku ya wakulima kutia saini mkataba wa maji. Wakiyakataa maji yetu, kituo chetu cha kusafisha maji kinafungwa, na mimi narudi nyumbani na cheti changu cha masomo ya jioni.

Mkurugenzi kaja kutoka Amman. Nusu saa anahutubia: maji machafu ya mji tukishayasafisha, kumwagilia mitende ni salama, salama, salama. Huku anatafuna tende za mwenyeji wetu, mkulima Abu Ghaleb.

Abu Ghaleb akampa kahawa. Akainusa. AKAIWEKA CHINI.

Mbele ya wazee wote! Kwa desturi ya huku, mgeni akiweka kikombe bila kunywa ana ombi zito. Nilidhani anaposa.

Abu Ghaleb: "Omba, ndugu yangu, umeshapewa."

Jamaa desturi haijui. Kwenye kipaza sauti: "Naomba... maji ya chupa."

Maji ya chupa!! Kumbe alidhani kahawa tumeipikia maji ya kituo! Nikamkumbatia mwanangu Sidra, nikaficha uso kwenye nywele zake.

Abu Ghaleb akaitazama sahani, tupu. "Na tende ulizomaliza, mheshimiwa? Mitende yangu nayo inakunywa ya chupa? Mwaka wa tatu huu wa majaribio inakunywa maji ya kituo cha binti huyu." Akaninyooshea kidole mimi!

Mzee mmoja akapasuka kicheko: "Mwoga kama huyu kala sahani nzima na yuko hai? Niandikeni!"

Wametia saini wote, Taghrid. Wote!

Mkurugenzi kaniagiza niandike kwenye ripoti kwamba hotuba yake ndiyo iliyowashawishi.

Nimeandika. Kazi bado ninayo.