Saa Kumi ya Maji

Jumapili, 2/11/2025
Wiki ya tatu na hili plasta. Boda ilinivunja mguu, na ngazi za jengo letu hapa Nateete zimenifungia ndani — ghorofa ya tatu! Najua kila ufa wa dari.

Nyongesa amepiga. Mume wangu, mtu wa Bungoma, analinda nyumba inayojengwa kisiwani Pwani! Maji yakitoka unavuka kwa miguu. Yakijaa, yanapita kichwa. Hajui kuogelea. Fundi aliyekuwa akimvusha ameondoka, na Jumatano lazima avuke kutafuta chakula. Uliza wenyeji basi! Ati watamcheka, mtu wa bara. Kiburi hicho! Nimtafutie mimi saa ya kuvuka, ndimi mwenye simu ya maana.

Jumatatu, 3/11
Nimesoma mpaka bando ikaisha. Kumbe ni mwezi! Unavuta maji: yanajaa mara mbili kwa siku, yanatoka mara mbili. Toka kujaa hadi kutoka, saa sita na kidogo. Na kesho yake saa hazirudi zilezile, maana mwezi nao unatembea. Dunia ikizunguka inakuta umesogea, inaukimbiza karibu dakika hamsini. Mwezi unatembea, mimi naenda chooni kwa makalio.

Jumanne, 4/11
Nimepata jedwali la maji mtandaoni: Jumatano, maji chini kabisa, 10:02. Kesho mwezi mpevu — yatatoka sana, yatajaa sana. Nimemwandikia: vuka saa 10. Akajibu sawa, mwalimu. Network anaipata ukingoni tu, kwa hiyo hatutaongea tena mpaka kesho akifika pale. Nimefurahi! Leo nami nimefaa kitu.

Jumatano, 5/11
Hortense, jirani yangu Mkongo, amegonga saa nne. Ati tunachelewa kliniki! Nikamwambia tulia, kadi imesema kumi. Akacheka. Kumi ya kadi ni ya Kizungu, mama, ni saa nne, ni sasa!

Mungu wangu. Na kumi ya jedwali?

Ni saa nne. Maji yako chini sasa hivi. Saa kumi, saa sita mbele — ndipo yamejaa kabisa! Katika saa zote nimemchagulia hiyo.

Kliniki nimekataa.

Saa sita. Hapatikani.

Saa nane. Hapatikani. SMS tisa. Namba ya fundi anayo Nyongesa peke yake. Hortense anasali, mimi siwezi hata kupiga magoti.

Kumi kasoro dakika tano. SMS yake! "Nimefika ukingoni. Naona maji tu. Lakini wewe ndiye umesoma. Nafunga simu kwenye juala la plastiki, naiweka kichwani. Tutaongea ng'ambo."

SMS zangu zote zimemfikia sasa. Zimo ndani ya juala.

Napiga. Inaita. Nyongesa, pokea. Inaita bado —