Jino Nililolionyesha kwa Kidole

Mume wangu Eliamini,

Huku Bombo wazima, babu yako kamaliza kuvuna tangawizi, kelele zake zilezile.

Unasema daktari hakupasui fizi mpaka mashine ikuzunguke kichwa, ipige picha ya mzizi wa jino pande zote, na wewe umechoka, bora ling'olewe tu.

Mjukuu wangu, nikiwa msichana nilishuka hospitali ya Ndungu shavu limevimba. Daktari akauliza, "Lipi?" Nikamwonyesha kwa kidole, akang'oa. Nikapanda mlima kurudi, na maumivu yakapanda nami. Kumbe jino bovu lilikuwa la pembeni yake. Ndilo hilo pengo unalonichekea.

Mimi nilikuwa na kidole tu. Wewe tulia wapige picha, uje unicheke ukiwa na meno yote.

Bibi yako